Rejea si mchezo wa bembea

Nilipofika Kericho nilihadithiwa habari ya Waislamu wenzetu wawili, mume na mke, wachuma majani ya chai. Wameachana, wamerudiana, wakaachana tena. Leo mke ni lulu, kesho ni adui. Leo mume analia mlangoni, kesho anatupa masanduku nje. Majirani wanacheka. Mimi sikuona la kuchekesha.

Pwani nako mambo haya yapo, ila huku kuna shangazi, somo na mjomba wa kuingia kati. Katika mashamba ya chai wamekusanyika watu waliotoka mbali kutafuta riziki. Mume na mke hubaki peke yao, na kila ugomvi ukaamuliwa na ghadhabu.

Sheria yetu iliyaona haya zamani. Enzi za ujahili mume aliweza kumwacha mke na kumrejea eda ikikaribia kwisha, mara zisizo hesabu, mke asiwe mke wala asiwe huru. Suratul Baqara ikaufunga mlango huo: talaka za kurejea ni mbili tu, na kumrejea mke kwa nia ya kumdhuru ni haramu. Suratun Nisaa nayo ikaagiza waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke.

Lakini mwamuzi naye ajue kwamba si kila kigeugeu ni ukorofi wala shetani. Yako maradhi ya nafsi ambayo mtu huogopa mno kuachwa, hata akaanza yeye kuacha, kisha akajuta na kurudi mbio. Nayo hutibika. Bibi Marsha Linehan wa Marekani alitoa kitabu mwaka 1993 kuhusu kuwafundisha wagonjwa hao kuzituliza nafsi zao. Mwaka 2011 akatamka hadharani kuwa yeye mwenyewe aliugua ujanani.

Rai yangu ni hii. Eda isiwe muda wa kungojea hasira zipoe tu. Kabla ya rejea, waende kwa daktari na kwa kadhi. Palipo na kipigo, mke asirudishwe kwa jina la subira, kwani maradhi ni sababu ya kutibiwa, si ruhusa ya kudhulumu. Na sisi wa pwani wenye ndugu huko bara, tusingoje talaka ya tatu ndipo tupande basi.