"Haba Haba" ya Norwei: Methali Yetu Ugenini

Tarehe 10 Mei 2011, mjini Düsseldorf, Ujerumani, methali ya Kiswahili ilipanda jukwaani kuiwakilisha Norwei. Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyehamia Norwei utotoni, aliimba "Haba Haba" katika nusu fainali ya kwanza ya Shindano la Nyimbo la Eurovision. Alijizolea alama 30, akawa wa 17 miongoni mwa washindani 19, na safari ya wimbo huo katika shindano hilo ikakomea hapo.

Wapenzi wa Kiswahili ninaowajua huuzungumzia wimbo huu kwa namna mbili. Wapo wanaoshangilia kwamba lugha yetu imetamba Ulaya, na wapo wanaoubeza. Katika semina moja ya uzamili, nilipoutaja kuwa mfano wa matumizi ya methali katika sanaa ya kisasa, mwenzangu mmoja aliniuliza iwapo nilikuwa nimeishiwa na vitabu. Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini swali lile halikunitoka moyoni. Makala haya ndiyo jibu langu, japo limechelewa.

Nianze na wabezaji. Dai lao la kwanza ni kwamba methali "Haba na haba hujaza kibaba" imekatwa mkia na kunyang'anywa kiunganishi chake ili ifanywe anwani. Dai hili halina mashiko. Uradidi ni mbinu ya Kiswahili chenyewe: twasema "kidogo kidogo" na "mmoja mmoja" bila kumwomba mtu radhi. Fauka ya hayo, ni sisi tunaofundishana kwamba matini ya fasihi simulizi haijagandishwa, na kwamba kila fanani ana uhuru wa kuifinyanga kulingana na hadhira yake. Mbona uhuru huo tumnyime fanani huyu kwa kuwa tu jukwaa lake lina taa nyingi?

Dai la pili ni kwamba huu ni wimbo wa kuchezwa, si wa kuchambuliwa. Hata hivyo, tazama alivyoiweka methali. Ameitia kinywani mwa bibi anayemuusia mjukuu wake. Hapo pana fanani, hadhira na muktadha, yaani mambo yote tunayoyakariri katika mihadhara ya utendaji. Sasa linganisha na maswali ya mitihani tuliyoyafanya sote: "Kamilisha methali ifuatayo." Wangapi kati yetu tuliijaza nafasi ile kwa neno "kibaba" bila kujua kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka, na kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja? Yamkini binti aliyelelewa ughaibuni ameitendea methali hii haki kuliko karatasi zetu za mtihani.

Niwageukie sasa washangiliaji. Katika "Haba Haba" Kiingereza ndicho kinachosimulia na kuifafanua methali; Kiswahili huja katika kiitikio. La kustaajabisha zaidi ni kwamba Kinorwei chenyewe hakimo. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1998, kanuni za Eurovision zililazimisha kila nchi kuimba kwa lugha yake. Kanuni hiyo ilipoondolewa mwaka 1999, Kiingereza kikafurika jukwaani. Uhuru uleule uliokiruhusu Kinorwei kuachwa nyumbani ndio uliokifungulia Kiswahili mlango, kwani chini ya kanuni ile wimbo huu usingaliruhusiwa kuiwakilisha Norwei. Tushangilie, lakini tujue tunachokishangilia: lugha yetu ilialikwa kuitikia, haikualikwa kusimulia.

Je, ingaliweza kusimulia? Nadhani ndiyo. Mwaka 2007 Serbia ilishinda kwa "Molitva", wimbo wa Marija Šerifović ulioimbwa kwa Kiserbia. Mwaka 2017 Ureno ilipata ushindi wake wa kwanza kwa "Amar pelos dois", ulioimbwa na Salvador Sobral kwa Kireno. Hakuna kanuni iliyowalazimisha kuzitumia lugha zao, na mamilioni ya wasikilizaji wasiozijua lugha hizo hawakuziba masikio.

Hata hivyo, simlaumu msanii wetu. Aliimba kama tunavyoishi. Hapa nchini, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, mbali na kuwa lugha ya taifa. Lakini ni hotuba ngapi tumezisikia zikifunguliwa kwa methali tamu ya Kiswahili, watu wakapiga makofi, kisha bajeti, sheria na mambo yote mazito yakaelezwa kwa Kiingereza? Hotuba hizo ni "Haba Haba" isiyo na ala. Tukimcheka binti wa Norwei kwa kukifanya Kiswahili kiitikio, tunajicheka wenyewe.

Maoni yangu, kwa hiyo, ni haya. Nyimbo za aina hii zipewe nafasi katika semina na tasnifu zetu, zisomwe kwa makini na zikosolewe bila huruma, kwa kuwa ndani yake methali ingali inatembea na kupata wajukuu wapya. Wakati huohuo, sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili tukitumie kusimulia mambo mazito, katika mikutano, katika tafiti na katika barua tunazoziandikia ofisi za chuo. Kibaba hakijazwi kwa kuitaja methali yake. Hujazwa kwa nafaka, punje baada ya punje. Mwenzangu wa semina ile akiniuliza tena kama nimeishiwa na vitabu, nitamjibu kwamba vitabu ningali navyo tele, ila bibi wa kunipa methali nimempata katika wimbo.