Stratos: Lilishinda Ulaya, Likashindwa na Matope Yetu

Mwaka 2025 kampuni ya Lancia ya Italia ilitangaza kwamba inarudi katika mashindano ya dunia ya motokaa msimu wa 2026, na hapa kwetu habari hiyo ilipita kimya kama mashua ya usiku. Gari lenyewe ni dogo, Ypsilon, nalo limewekwa katika daraja la pili, si lile la juu wanalopigania wakubwa. Vijana wengi hawaijui Lancia hata kwa jina, wala si ajabu, maana kwa miaka kadhaa kabla ya 2024 magari yake mapya yalikuwa yakiuzwa Italia kwenyewe tu. Lakini msomaji ambaye katika miaka ya sabini alikuwa amekwisha pata akili, na ambaye wakati wa Pasaka aliwahi kusimama njiani huko Voi au Taita akingojea magari ya Safari, nikimtajia Stratos atanielewa mara moja.

Lilikuwa gari fupi, pana, limelala chini kama kaa. Kioo chake cha mbele kilipinda kutoka mlango huu mpaka mlango ule, kama kofia ya rubani. Urefu wake haukufika mita nne, na kutoka ardhini hadi paani kimo chake kilikuwa sentimita 111 tu, yaani mtoto wa darasa la kwanza angeweza kulichungulia paa lake. Kwa nini nalizungumzia leo? Kwa sababu hao Lancia wanaporudi, wanarudi kwa jina lililojengwa na gari hilo zaidi ya jingine lolote, na mimi naona ni haki tupime jina hilo lilijengwaje, na kwa bei gani.

Lancia ni kampuni kongwe. Vincenzo Lancia aliianzisha mjini Turin mwaka 1906, na sifa yake ilikuwa ni ufundi wa hali ya juu kupita kiasi cha mfuko wake. Sifa hiyo ndiyo iliyoiponza. Kufikia 1969 ilikuwa imelemewa na madeni, ikachukuliwa na Fiat. Mwaka huo huo Fiat ilinunua nusu ya Ferrari. Msomaji aziweke habari hizi mbili pamoja, maana bila ya hizo Stratos lisingezaliwa.

Mwaka 1970, katika maonyesho ya Turin, fundi wa maumbo ya magari Nuccio Bertone alitoa kioja kilichoitwa Stratos Zero, kilichochorwa na Marcello Gandini. Kimo chake kilikuwa sentimita 84 tu, na mtu aliingia kwa kufungua kioo cha mbele. Inasimuliwa kwamba Bertone alipokwenda nacho kwa wakubwa wa Lancia, alipita chini ya kizuizi cha getini pasipo kungoja kifunguliwe. Kisa kama hicho ndicho kinachopendwa na wauza magari, nami sikitilii mkazo. Lililo muhimu ni kwamba Cesare Fiorio, msimamizi wa timu ya mashindano ya Lancia, alikuwa akitafuta gari jipya la kuchukua nafasi ya Fulvia, ambalo lilikuwa limeshinda ubingwa wa 1972 lakini lilikuwa limezeeka.

Hapa ndipo jambo lilipogeuka. Mpaka wakati huo makampuni yalikuwa yakichukua gari la kawaida, la kupelekea watoto shule na mama sokoni, kisha yakilitia nguvu na kulipeleka mashindanoni. Fiorio na wenzake walifanya kinyume. Walitengeneza gari la mashindano kwanza, wakaanzia karatasi tupu, kisha ndiyo wakalazimika kuwauzia watu ili kutimiza sheria. Hata mifuko ya milango ilifanywa mikubwa makusudi ili helmeti ya dereva ienee ndani. Kati palikuwa na kisanduku cha chuma kigumu, na bodi ya mbele na nyuma ilikuwa ya faibaglasi, hufunuliwa nzima nzima ili mafundi wafikie injini upesi. Injini ilikaa nyuma ya viti, imelazwa kwa ubavu. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma palikuwa na mita 2.18 tu, basi gari liligeuka kwenye kona kama pia. Dereva hodari alilipenda kwa hilo. Dereva asiye hodari lilimgeuzia kisogo kabla hajajua lililompata.

Injini ilitoka Ferrari: silinda sita, lita 2.4, ile iliyopewa jina la Dino, mtoto wa Enzo Ferrari aliyefariki kijana mwaka 1956. Mzee Enzo hakuwa na haraka ya kuitoa. Alikuwa na gari lake mwenyewe lililotumia injini hiyo, na hakupenda kuona kiungo chake kikimtukuza mwingine. Lancia walifikiria mpaka kutumia injini nyingine. Mwishowe gari la Dino 246 lilipofikia mwisho wa kutengenezwa, injini zikatolewa. Maadamu Fiat ilikuwa na mkono katika nyumba zote mbili, palikuwa na mtu wa kuamua.

Sheria za wakati ule zilitaka gari litengenezwe kwa idadi ya mamia kabla halijakubaliwa. Stratos lilikubaliwa rasmi tarehe 1 Oktoba 1974, na yote yaliyopata kutengenezwa hayakufika 500. Hayo ya kuuzwa yalikuwa na nguvu za farasi 190, yalikuwa na joto ndani na kelele, hayana mahali pa mizigo pa kutajika, na yalitolewa wakati dunia imetoka kupigwa na bei ya mafuta ya 1973. Mengine yalikaa madukani miaka. Leo tajiri akiuziwa moja hutoa fedha za jumba. Wakati ule wauzaji walikuwa wakiyasihi yaondoke. Mimi huona jambo hili linasema mengi kuhusu hao wanaojiita wapenzi wa magari.

Mashindanoni, lakini, mambo yalikuwa mengine kabisa. Msimu wa 1974 ulikuwa karibu kwisha Stratos lilipokubaliwa, na bado lilishinda Sanremo, likashinda Canada, likashinda Corsica, na Lancia ikatwaa ubingwa. Ikautwaa tena 1975, na tena 1976. Sandro Munari alishinda Monte Carlo mara tatu mfululizo, 1975, 1976 na 1977, na mwaka wa kati Stratos zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Rangi zake nyeupe, kijani na nyekundu za shirika la ndege la Alitalia, ambalo nalo limefunga shughuli zake mwaka 2021, zikawa zinajulikana dunia nzima.

Sasa tuje kwetu. Munari alikuwa anaijua Safari kabla ya Stratos, maana 1974 alishika nafasi ya tatu na Fulvia, nyuma ya Joginder Singh wa hapa Kenya na Björn Waldegård wa Sweden. Mwaka 1975 Lancia ilikuja na Stratos, limenyanyuliwa juu ya springi na kuongezwa taa. Munari alikuwa wa pili, Waldegård, ambaye sasa alikuwa ndani ya Stratos jingine, alikuwa wa tatu. Aliyewatangulia ni Ove Andersson na Peugeot 504, gari ambalo msomaji analijua bila ya kuelezwa, kwani ndilo lililotubeba kwenda matangani na harusini kwa miaka mingi. Mwaka 1976 mambo yakawa mabaya zaidi: nafasi tatu za mwanzo zote zilichukuliwa na Mitsubishi Lancer, Joginder Singh akiwa mbele, na Stratos halikuonekana miongoni mwao.

Watu wengi husema Waitaliani walikosa bahati. Mimi sikubali. Safari ya wakati ule ilikuwa maelfu ya kilomita, barabara hazikufungwa, mvua ya masika ikinyesha mtu anakwama kwenye matope mpaka mlangoni, na ikikauka ni mawe na vumbi. Gari fupi hurukaruka kwenye njia mbovu ilhali refu hutulia. Gari lililolala chini hugonga tumbo. Kile kilichofanya Stratos kuwa mfalme wa kona za milima ya Ulaya ndicho kilichokuwa udhaifu wake huku. Nao akina Joginder walikuwa na kitu kisichouzwa Turin wala Modena: waliijua njia, waliijua mvua, na walijua wakati wa kupunguza mwendo. Huo nao ni ufundi, ingawa haumo katika vitabu vyao.

Kisa cha Waldegård ndicho kinachonivutia zaidi. Katika mashindano ya Sanremo ya 1976 yeye na Munari walifika kwenye hatua ya mwisho wakiongoza wote wawili kwa Stratos, Waldegård akiwa mbele kwa sekunde nne. Fiorio aliamua wawili hao waanze hatua hiyo wakiwa sawa, basi Waldegård akaamriwa angoje sekunde nne kwenye mstari. Akangoja. Kisha akaendesha, akamshinda Munari kwa sekunde zile zile nne. Baada ya hapo akawaaga, akaenda Ford. Pasaka ya 1977 alikuja Kenya na Ford Escort akashinda Safari, na Munari na Stratos lake akawa wa tatu. Hakuna aliyepata kuileta Stratos kwanza hapa tena. Waldegård yeye aliishinda Safari mara nne kwa jumla, ya mwisho 1990.

Na kifo cha Stratos hakikutokana na kushindwa. Wakubwa wa Fiat walitazama hesabu, wakauliza: kuna faida gani kushinda na gari ambalo hatuliuzi? Wakalitia fedha Fiat 131, gari la milango na buti, la mwalimu na karani, nalo likaleta ubingwa wa 1977, 1978 na 1980. Kwa biashara walikuwa sawa, siwezi kuwalaumu. Lakini gari halikukubali kufa. Mwaka 1979 Mfaransa Bernard Darniche, na Stratos la timu isiyo ya kampuni, alishinda Monte Carlo kwa sekunde sita, na aliyemshinda ni Waldegård huyo huyo. Akashinda tena Corsica mwaka 1981, miaka saba tangu lilipokubaliwa.

Lancia iliipata Safari hatimaye mwaka 1988, kwa mkono wa Miki Biasion, akarudia 1989. Gari lilikuwa Delta Integrale, lenye umbo la gari la familia, magurudumu yote manne yakivuta. Stratos lililotengenezwa makusudi kwa ushindi lilikosa kile ambacho Delta lilikipata.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na Lancia, ambayo sasa imo ndani ya kundi la Stellantis, inarudi na herufi za HF na yule tembo mwekundu anayekimbia, alama ya timu yao ya zamani. (Tembo wekundu wa kweli wako Tsavo, na rangi yao hawakuipaka kiwandani.) Gandini aliyechora Stratos alifariki Machi 2024, akiwa na umri wa miaka 85. Gari jipya halina injini ya Ferrari wala halikuanzia karatasi tupu. Ni gari dogo la dukani lililotiwa nguvu kwa kufuata sheria, yaani ile njia ya zamani ambayo Fiorio aliikataa. Nasikia watu wakilalamika kwamba wanauza kumbukumbu. Kweli wanauza, lakini angalau safari hii wanauza na gari ambalo mtu wa kawaida anaweza kulipanda.

Safari nayo si ile. Iliondolewa katika mashindano ya dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, na sasa kituo chake ni Naivasha, njia zimefungwa, siku chache, wala haiteremki tena kwetu Pwani. Hata hivyo vumbi la Kedong na mawe ya Soysambu yameshavunja magari ya wakubwa tangu iliporudi, tena mbele ya macho ya dunia nzima. Ningependa kumwona huyo tembo mwekundu akipita huko, na nani atakuwa amekaa kwenye usukani.