KAMBA IKATWE KWANZA

Mashine ya kunyanyua mzigo hupimwa na watu wengi kwa nguvu ya mota yake. Mnunuzi huuliza ni ya wati ngapi, hunyanyua kilo ngapi, na hupanda kwa kasi gani. Kipimo hicho kina upungufu mkubwa. Sehemu iliyo muhimu kupita zote katika mashine ya namna hiyo ni ile ambayo siku za kawaida haifanyi kazi yoyote ionekanayo: ile ingojayo siku kamba itakapokatika, umeme utakapozimika au swichi itakapogoma. Ukweli huu hauhusu lifti za maghorofa na winchi za bandarini peke yake. Unahusu pia vifaa vinavyotengenezwa nyumbani na watu wasio wahandisi. Mfano mmojawapo, ulio mdogo kiasi cha kuweza kuchunguzwa kwa ukamilifu, ni mashine ya kunyanyulia kifuniko cha tangi la samaki.

Katika Ulaya na Marekani, ufugaji wa samaki wa mapambo katika matangi ya kioo ni burudani ya siku nyingi. Jumba la kwanza la samaki kwa ajili ya umma lilifunguliwa mwaka 1853 katika bustani ya wanyama ya London, na tangu hapo desturi hiyo imeenea hadi majumbani. Baadhi ya samaki wapendwao sana na wafugaji hao asili yao ni Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo mmoja na perege na sato, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Wengi wao huishi kwenye miamba. Kwa hiyo mfugaji aliye Hamburg au Chicago hupanga mawe ndani ya tangi lake ili samaki wapate mapango ya kukaa. Siku anapotaka kumtoa samaki mmoja tu, hulazimika kuyaondoa mawe karibu yote, huku mikono yake miwili imezama majini hadi mabegani.

Juu ya tangi hilo hukaa kifuniko, mara nyingi cha mbao. Ndani yake hufungwa taa, nacho huzuia samaki wasiruke nje na maji yasipotee upesi kwa mvuke. Kwa tangi la urefu wa mita mbili, kifuniko hicho chaweza kuwa na uzito wa kilo 20 au 30. Bawaba humruhusu mfugaji kukifungua upande mmoja tu. Kukiondoa chote huhitaji watu wawili. Ndipo baadhi ya wafugaji huamua kukifunga kamba, kupitisha kamba hizo katika makapi yaliyotundikwa darini, na kuzivuta kwa mota ndogo. Mkono ukibonyeza kitufe, kifuniko hupanda na tangi hubaki wazi pande zote.

Kuhusu mashine hiyo yapo maoni mawili yanayokinzana. Wapo wanaoicheka kwamba ni anasa ya watu wasio na kazi. Wapo pia wanaoisifu kwa sababu ya mota yake, gia zake na jinsi inavyopanda taratibu bila kelele. Pande zote mbili zimeacha kuuliza swali lililo kubwa zaidi: mikono ya mtu ikiwa ndani ya tangi na kichwa chake kikiwa chini ya kifuniko, ni kitu gani hasa kinachokizuia kifuniko kisianguke?

Hesabu ya mota

Hesabu rahisi yatosha kuonyesha kwamba kunyanyua si kazi ngumu. Tuseme kifuniko kina uzito wa kilo 25 nacho kinapaswa kupanda sentimita 60. Kazi inayotakiwa ni juli 150 hivi. Ikifanywa kwa nusu dakika, nguvu inayohitajika ni wati 5 tu. Hata msuguano wa makapi na gia ukiongeza hitaji hilo mara tatu au nne, bado mota ya volti 12 iendeshayo waipa za kioo cha gari yatosha na kusaza. Shabaha ya fundi katika hatua hii ni kupunguza mwendo wa mota, wala si kutafuta mota kubwa zaidi.

Uzito wa kusawazisha huirahisisha kazi hiyo zaidi. Kilo 20 za chuma zikitundikwa upande wa pili wa kamba, mota hubakiwa na kilo 5 tu za kunyanyua, na kazi yake hushuka hadi kufikia juli 30. Lifti za maghorofa hutumia kanuni iyo hiyo. Watu wa Misri nao waliitumia maelfu ya miaka iliyopita kuteka maji ya mto: walifunga ndoo upande mmoja wa mti mrefu, na donge zito la udongo au jiwe upande mwingine. Mfugaji mwenye mgongo mzima na mikono yenye nguvu, akishafunga uzito wa kusawazisha, huenda akagundua kwamba mota haihitaji kabisa.

Lakini hesabu hiyo ina upande wake wa pili. Juli 150 zilizotumika kukipandisha kifuniko hazikupotea; zimewekwa akiba katika kimo chake. Kamba ikikatika, hurudi zote kwa pamoja. Kifuniko kinachoanguka kutoka kimo cha sentimita 60 hufika chini kwa muda wa theluthi moja hivi ya sekunde, kikiwa na mwendo unaozidi kilomita 12 kwa saa. Hakuna binadamu awezaye kuondoa mikono yake majini kwa muda huo. Kile ambacho mota ilikifanya polepole kwa nusu dakika, mvutano wa dunia hukitengua kwa kufumba na kufumbua.

Funzo la mwaka 1854

Ukweli huo ndio uliochelewesha lifti za watu. Mashine za kupandisha mizigo zilikuwapo tangu zamani, lakini watu hawakuziamini, kwa kuwa kamba hukatika. Mwaka 1854, katika maonyesho yaliyofanyika mjini New York ndani ya jumba la Crystal Palace, fundi Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya watazamaji, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likasimama. Mwaka 1857 lifti yake ya kwanza ya abiria ikaanza kazi katika duka moja la ghorofa tano katika barabara ya Broadway.

Kifaa cha Otis kilikuwa rahisi. Juu ya jukwaa palikuwa na springi nene ya bapa. Kamba ilipokuwa imekazika, uzito wa jukwaa uliipinda springi hiyo. Kamba ilipolegea, springi iliruka na kusukuma vyuma viingie katika meno yaliyochongwa kwenye reli za kando. Uzito ule ule uliokuwa tishio ndio ulioshikilia breki isifunge. Ulipoacha kuvuta kamba, breki ilijifunga yenyewe. Otis hakuvumbua kupanda. Alivumbua kutoanguka, na huo ndio uvumbuzi uliofungua mlango wa majengo marefu.

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua sehemu ya hekima hiyo kwa njia yao. Tanga la jahazi hutwekwa kwa kuvuta henza ipitayo katika kapi, na mabaharia kadhaa husaidiana kwa wimbo na nguvu za mikono. Lakini foromali ikishafika juu, henza hufungwa imara. Haiachwi mikononi mwa watu. Nguvu ya kupandisha ni jambo moja, na nguvu ya kushikilia ni jambo jingine. Mashine nyingi za nyumbani hukosea hapo, kwa kuiachia mota kazi zote mbili.

Mambo ya kuulizwa

Mtengenezaji mwangalifu hufaa kuanza na orodha ya mabaya yanayoweza kutokea, na kwa kila baya ajibu nini kitafuata.

Umeme ukizimika kifuniko kikiwa katikati ya safari, je, kitashuka chenyewe? Jibu zuri lapatikana katika skrubu. Skrubu yenye mwinuko mdogo wa nyuzi zake hunyanyua mzigo inapozungushwa, lakini mzigo hauwezi kuizungusha irudi. Kanuni ya mekanika ni kwamba skrubu ya namna hiyo hupoteza zaidi ya nusu ya kazi inayopewa kwa msuguano. Mwenye kuitazama kwa jicho la uchumi wa nishati ataiona kuwa hasara. Lakini mota hii hufanya kazi dakika chache tu kwa juma, na msuguano huo ndio unaolinda mikono kila sekunde. Hata hivyo, mtikisiko wa muda mrefu waweza kuilegeza skrubu kidogo kidogo, na kwa sababu hiyo haifai kuaminiwa peke yake.

Kamba moja ikikatika, nini kitabaki? Kwa kamba za waya za kunyanyulia mizigo, ni desturi kuchagua kamba iwezayo kuhimili walau mara tano ya mzigo wake. Kapi dogo mno huikunja kamba hiyo na kukata nyuzi zake moja moja, na katika matangi ya maji ya bahari unyevu wa chumvi huila kwa ndani kabla jicho halijaona kutu. Kwa hiyo mnyororo wa akiba, uliofungwa mahali pengine kabisa pa dari na usiobeba uzito siku za kawaida, si ziada.

Swichi ikigoma, je, mota itasimama? Kifuniko kikifika juu na mota ikaendelea kuvuta, mota yenyewe ndiyo itakayoikata kamba. Yafaa kuwe na swichi mbili za kukata umeme kwenye kikomo cha juu, ili ya pili isaidie ya kwanza inaposhindwa. Kitufe nacho kiwe cha kushikiliwa: kidole kikiondoka, mwendo ukome.

Pembe nne zikipanda kwa mwendo usio sawa, je? Kifuniko hukwama mfano wa droo iliyovutwa upande mmoja, kisha hujinasua kwa kishindo. Dawa yake ni kamba zote kukunjwa katika gurudumu moja, badala ya mota mbili zinazotarajiwa kwenda pamoja.

Maji yakirukia nyaya, je? Umeme wa volti 230 haufai kuwa karibu na mikono iliyolowa. Mota iwe ya volti 12, transfoma ikae mbali na tangi, na taa zilindwe na swichi ya kinga ikatayo umeme mara tu mkondo wa miliampea 30 unapovuja. Tena, mfugaji anayebadili taa za zamani na kuweka za LED zilizo nyepesi, akumbuke kupima upya: uzito wa kusawazisha uliofaa jana leo waweza kuwa mzito kuliko kifuniko chenyewe, na kifuniko kikapanda bila kuitwa.

Mwisho kabisa, kila kifuniko kilichopandishwa kiwekewe pini ya chuma inayopita katika reli zake. Mafundi wa magari wa Dar es Salaam na Nairobi wanalijua jambo hili vema: fundi mwenye busara haingii chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu, bali kwanza huweka stendi au magogo. Jeki hunyanyua, stendi hubeba.

Si anasa, bali ni somo

Wanaoiita mashine hii anasa wana haki kwa kiasi. Mtu mwenye afya aweza kutumia kapi, uzito wa kusawazisha na mikono yake. Lakini kwa mzee ambaye viungo vyake vimechoka, au kwa mtu atumiaye kiti cha magurudumu, kitufe hicho ndicho tofauti kati ya kuendelea na burudani aipendayo na kuiacha. Wengine husema ni heri kununua vifaa vilivyo tayari, kama vile mashine za kupandishia televisheni. Ushauri huo ni mzuri, lakini haumwondolei mtu wajibu wa kuuliza. Kifaa cha dukani kilibuniwa kwa mzigo wake, si kwa mbao zilizolowa mvuke juu ya maji ya chumvi.

Faida iliyo kubwa zaidi ni ya elimu. Katika shule na vyuo vya ufundi, mwanafunzi hupewa alama mashine yake ikifanya kazi. Ni mara chache sana huulizwa mashine hiyo itashindwa kwa namna gani. Matokeo yake ni mafundi wanaojua kuwasha lakini hawakufundishwa kushuku. Somo la kifuniko, lenye kapi chache, mota ya waipa na mfuko wa mchanga badala ya kifuniko, laweza kufanywa katika karakana yoyote, bila tangi wala samaki.

Na mtihani wa somo hilo uwe ule wa mwaka 1854. Mfuko wa mchanga wenye uzito unaozidi wa kifuniko upandishwe hadi juu, sakafu chini yake ikiwa tupu na watu wote wakiwa wamesimama mbali. Kisha, mbele ya mwalimu na wanafunzi wenzake, mtengenezaji aikate kamba. Mfuko ukibaki juu, mashine imefaulu. Ukianguka, hakuna aliyeumia, na hitilafu imeonekana mahali panapofaa. Mashine ambayo kamba yake haijawahi kukatwa makusudi haifai kuwekwa juu ya mikono ya mtu yeyote.