CHETI CHA CHINI, KAZI YA JUU!

Ndugu wafanyakazi wa migodi, fungueni macho! Cheti cha fundi wa kulehemu si picha ya kutundika ukutani. Kinasema fundi ameruhusiwa kuunga chuma akiwa namna gani. Kwa sheria ya ISO 9606-1, aliyejaribiwa kuunga mabamba mawili yaliyolala, ncha kwa ncha, ndiyo PA, anaruhusiwa hiyo PA tu. Aliyejaribiwa kwa bomba lililoinamishwa nyuzi 45, ndiyo H-L045, anaruhusiwa PA, PC ya ubavuni, PF ya kupanda na PE ya juu ya kichwa. Kuunga kwa kushuka kunataka jaribio lake.

Basi, bwana mkubwa anayempa fundi jaribio la PA, halafu anamtuma chini ya tangi kuunga juu ya kichwa, anataka nini? Anataka kazi ya fundi mkubwa kwa mshahara wa fundi mdogo! Na chuma kikipasuka, atasema: «Cheti chako hakikuruhusu.»

Hapana! Kila fundi asome cheti chake. Asiyeruhusiwa asipande. Na sote pamoja tudai jaribio la bomba, na mshahara wake. Umoja ni nguvu!