Mbwa Anayelinda Mradi Wako Anakula Nini?

Wadau, leo siandiki kuhusu kuku wala nguruwe. Naandika kuhusu mlinzi wao.

Kuna kitu kinanikera kila nikizungukia mabanda ya vijana. Kijana ana kuku wa mayai mia tano, protini ya chakula chao anaijua kwa asilimia, anapima kwa mzani. Ukimuuliza mbwa anakula nini, anacheka: "Huyo anakula chochote, bwana mifugo." Na chochote chenyewe ni ugali wa pumba, ukoko wa sufuria, na mahindi yaliyoshika ukungu ambayo kuku kawanyima.

Eti mbwa akishiba halindi. Kauli hii siikubali kabisa. Mbwa mwenye njaa usiku hayupo bandani, yupo jalalani kwa jirani. Na mwizi akirusha kipande cha nyama yenye sumu, wa kwanza kukimeza ni yule ambaye hajaonja nyama tangu sikukuu.

Tuanze na hayo mahindi ya ukungu, maana hapo ndipo mbwa wanapokufa. Sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, inashambulia ini, na mbwa anadhurika nayo haraka. Anasusa chakula, anatapika, macho na fizi zinageuka njano. Wenyewe wanasema kalishwa sumu na jirani, kumbe sumu imetoka stoo yao. Na usijidanganye kwamba ukipika vizuri imeisha. Moto wa jikoni hauiondoi. Mahindi hayo yafukie. Asipewe mbwa, wala nguruwe.

Sasa protini. Mbwa mzima anahitaji isipungue asilimia 18 hivi ya chakula kikavu, mtoto anayekua zaidi ya 22. Unga wa mahindi una 8 au 9. Kwa hiyo ugali mtupu unampa nusu ya anachohitaji, halafu tunashangaa manyoya yanapukutika na mbwa analala mchana na usiku.

Kwa mbwa wa kilo 20 nashauri robo kilo ya unga safi wa dona na gramu 100 za dagaa wakavu kwa siku, vipikwe pamoja na kijiko cha mafuta, bila kitunguu (kitunguu kinaharibu damu yake). Hapo unapata protini asilimia 20 na kitu, na kwa kuwa dagaa wanaliwa na mifupa yao, kalsiamu ipo. Gawa asubuhi na jioni. Akikonda ongeza, akinenepa mpaka mbavu huzipapasi, punguza. Kwa mwezi ni kilo saba na nusu za unga na kilo tatu za dagaa. Weka bei ya soko la kwenu, kisha linganisha na kuku kumi wakiibwa usiku mmoja.

Wapo wanaochota chakula cha kuku wa mayai wakampa mbwa. Protini ipo, ila kalsiamu yake imewekwa nyingi kwa ajili ya maganda ya mayai. Mtoto wa mbwa inamharibu mifupa. Kinyume chake, anayelishwa mapafu na ugali tu anakosa kalsiamu, miguu inapinda.

Mapafu na maini ya machinjioni si mabaya, lakini yachemshwe mpaka yaive. Ukiona vifuko vya maji ndani yake, usimpe kabisa. Humo mna minyoo aina ya tegu. Mbwa akivila vibichi, mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi chake, yanafika kwenye mikono ya watoto wako, na vifuko vile vile vinaota kwenye ini la mtu. Wenye mbuzi na kondoo, nawaambia nyie hasa.

Kuku aliyekufa bandani naye asitupiwe mbwa. Achilia mbali ugonjwa, unamfundisha ladha ya mali uliyompa ailinde.

Jike anayenyonyesha usimpimie kwa kipimo cha hapo juu. Anaweza kuhitaji mara mbili, hata mara tatu. Mwachie ale kadiri anavyotaka, na maji yasikauke kwenye bakuli lake.