Nyasi za viwanjani: Fedha ipo kwenye matunzo, si kwenye kupanda

TANGU Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipozikabidhi Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, mazungumzo mengi yamekuwa ya saruji, nondo na viti. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, jambo la kuangalia liko chini zaidi: nyasi.

Mashindano ya aina hii hayahitaji uwanja wa mechi peke yake. Timu zinahitaji viwanja vya mazoezi, na kiwanja kimoja cha mita 105 kwa 68 ni karibu ekari moja na robo tatu. Huko Blaine, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kituo kimoja kina viwanja zaidi ya 50 vya soka, vingi vikiwa vya nyasi asilia. Viwanja 50 vya ukubwa huo ni karibu ekari 88. Hilo ni shamba, na linaendeshwa kwa hesabu za shamba.

Chukua kituo cha viwanja 10. Wakati wa kiangazi, kumwagilia milimita tano tu kwa kiwanja kimoja hula lita 35,700 za maji. Kwa vyote 10 ni lita 357,000. Kwa kiwango cha kilo 200 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, kila kiwanja kinataka mifuko 11 ya CAN ya kilo 50, inayotiwa kidogo kidogo. Bado kuna kukata nyasi, kutoboa ardhi iliyoshindiliwa na viatu, kumwaga mchanga na kuziba vipara vya golini. Minnesota theluji huzilaza nyasi miezi kadhaa. Afrika Mashariki ukoka hukua mwaka mzima penye maji, hivyo gharama nazo hazilali.

Mfugaji anayehamisha ng'ombe malishoni anaijua siri ya vituo hivi: kiwanja kikichezewa, kingine kinapumzika. Penye kiwanja kimoja tu na timu nyingi, nyasi hufa hata zikiwa za bei mbaya.

Hapa ndipo ilipo hatari kwa mkulima. Kuchukua mkopo na kupanda ekari za ukoka kwa kutegemea siku ya ufunguzi ni kamari, kwani kiwanja hupandwa mara moja tu. Soko la kudumu ni la vipande vya kuziba vipara, mchanga uliochekechwa, mbolea, na ufundi wa mashine za kukatia.

Kwa hiyo, kabla ya kutia jembe ardhini, muuzaji aulize mambo mawili: je, bajeti ya matunzo ya kila mwaka ipo, na mkataba unasema malipo yatatoka lini? Mali bila daftari hupotea bila habari.