Nyama Ngumu: Msimlaumu Mwenye Bucha Pekee

Mtoto wa nyoka ni nyoka, walinena wahenga. Basi mama wa Kisumu anapochemsha nyama saa mbili na jino bado lagoma, asimlaumu mwenye bucha pekee. Huenda ng'ombe alirithi ugumu huo.

Zebu wa kandokando ya Ziwa Viktoria huwa na mafuta kidogo mno katikati ya mnofu. Tena, ng'ombe wenye nundu kwa kawaida wana kalpastatini nyingi, kitu kinachozuia nyama kulainika baada ya kuchinjwa. Wagyu wa Japani ni kinyume: mafuta yake hutapakaa ndani ya mnofu kama utando wa buibui.

Je, mfugaji wa Nyando alete fahali wa Wagyu? Polepole! Zebu amerithi pia uwezo wa kustahimili joto na kupe. Afadhali fahali wa Boran, ambaye chama cha wafugaji wake nchini kilianzishwa mwaka 1951. Naye ni zebu, ila amechaguliwa kwa ajili ya nyama.

Hata hivyo, maksai mzee aliyevuta plau hana ukoo wa kumwokoa. Huyo mpikie moto mdogo, sufuria ikiwa imefunikwa.